Tuwapeleke wanafunzi kuwaona ndovu, ila kwanza tuulize

Mwezi Juni nilikwenda nyumbani kwa shughuli za kifamilia, upande wa Sotik, mwendo mfupi kutoka Chepilat. Asiyekijua kituo hicho atakipita bila kukitambua akitoka Kisii kwenda Sotik: maduka pande zote mbili za barabara, akina mama wauzao ndizi na parachichi, pikipiki zikisubiri abiria, na nyuma ya mabati ya maduka hayo majani chai yametandazwa hadi macho yanapokomea. Upande mmoja ni Kaunti ya Bomet na upande wa pili ni Nyamira. Ukiagiza chai hotelini utasikia Kikipsigis kwenye meza hii na Ekegusii kwenye meza ile, nacho Kiswahili kikipitisha sukari baina yao. Mahali hapa pamewahi kuwaka moto, mwaka 1992 na tena baada ya uchaguzi wa 2007, lakini hayo sikuyaandikia makala haya.

Katika hoteli mojawapo mwalimu wa shule ya upili ya jirani, ambaye ndiye mlezi wa chama cha wanyamapori shuleni mwake, alinionyesha karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa tangazo la wakala wa safari, lenye rangi za kung'aa, likiahidi kwamba wanafunzi watamgusa ndovu, watamlisha kwa mkono na kupigwa picha wakiwa wameukumbatia mkonga wake. Ya pili aliiandika mwenyewe kwa kalamu: kituo cha kulelea ndovu yatima kilichoko katika Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, saa tano hadi saa sita mchana, nyuma ya kamba, basi. Wanafunzi walikuwa wamepiga kura kwa kuinua mikono, na karibu wote wakaichagua ile ya kwanza.

"Daktari, wewe umetembea," akaniambia. "Wazazi watachanga fedha za majani chai. Sitaki niwapotoshe."

Nilimwahidi jibu. Kesho yake, Jumamosi, akanialika nizungumze na chama chake. Vyama hivi vilianza nchini mwaka 1968, na si haba idadi ya Wakenya waliomjua twiga na kifaru kwa mara ya kwanza wakiwa katika basi la shule. Mimi si mtaalamu wa wanyama. Kazi yangu ni maneno, na kwa hivyo nilianza kwa maneno. Niliwauliza wanafunzi ndovu anaitwaje kwao. Waliotoka upande wa Sotik wakasema beliot, na waliotoka Borabu wakasema enchogu. Nikaandika ubaoni enchogu, na chini yake njogu ya Kikuyu, nzou ya Kikamba, enjovu ya Kiganda, indlovu ya Kizulu, na ndovu ya Kiswahili. Hawakuhitaji kuelezwa zaidi. Ni neno moja lililosafiri nusu ya bara, likibadilisha sauti njiani kama msafiri abadilishavyo nguo, nalo linatuambia kwamba mababu wa wasemaji wa lugha hizi walimjua mnyama huyu kabla hawajatawanyika. Beliot halimo katika ukoo huo wa lugha, ila nalo si neno la jana. Wamaasai, majirani zetu wa kusini, wana jina jingine linalonipendeza mno, olenkaina, yaani mwenye mkono.

Kisha nikauliza ni nani amewahi kumwona beliot au enchogu kwa macho yake. Mikono mitatu ikainuka. Mmoja alimwona Maasai Mara, na wawili walikuwa wamewaona kwenye televisheni, wakadhani ndilo swali langu. Katika vilima hivi hivi ambako babu zao walimwita mnyama huyo kwa majina mawili, leo yamebaki majina.

Sasa nirudi kwenye zile karatasi mbili, na hapa sina budi kukiri jambo. Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria kongamano la wanaisimu huko Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand. Siku ya mapumziko tulipelekwa mahali ambapo langoni paliandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni hifadhi ya ndovu. Jina lake sitalitaja. Ndani tulimkuta ndovu jike aliyefungwa mnyororo mguu wa mbele, akiyumba kushoto na kulia, kushoto na kulia, kama mama abembelezaye mtoto ambaye hayupo. Nilidhani anacheza, hata nikampigia makofi. Kisha nikapanda. Naam, nami nilipanda mgongoni mwake juu ya kiti cha mbao, nikapigwa picha, na picha hiyo ingali katika kabati langu. Ni baada ya kurudi hotelini ambapo mwenzetu mmoja mwenyeji alinieleza kwamba kule kuyumba ni dalili ya mnyama aliyefungwa muda mrefu akachoka akili, na kwamba ndovu hakubali kupandwa na wageni mpaka avunjwe. Akiwa mdogo hutenganishwa na mama yake, husongwa ndani ya kizimba cha magogo asiweze kugeuka, hunyimwa chakula na usingizi, na hupigwa hadi atii.

Wenye ndovu wale si mashetani. Kwa vizazi vingi wanyama wao walivuta magogo msituni. Mwaka 1989 serikali ya Thailand ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya asili, na ghafla ndovu na wachungaji wao wakakosa kazi. Ndovu hula siku nzima, awe na kazi au asiwe nayo. Mtalii ndiye aliyekuja na fedha. Mtalii alipotaka kupanda, akapandishwa, na watu walipoanza kulalamika juu ya kupanda, vibao vingi vilibadilishwa. Mahali palipoitwa kambi pakaitwa hifadhi, na mgeni ambaye jana alipanda leo humsugua ndovu mtoni kwa ndoo na brashi. Aghalabu mnyororo wa usiku ni ule ule.

Mwaka huo huo wa 1989, tarehe 18 Julai, Rais Moi alitia moto tani 12 za pembe za ndovu katika Mbuga ya Nairobi, na Oktoba mataifa yakakubaliana kuzuia biashara ya pembe duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ndovu wa Kenya walikadiriwa kuwa 167,000. Kufikia 1989 walibaki takriban 16,000. Hesabu ya mwaka 2021 iliwapata 36,280. Ni kweli kwamba sisi hatuna ada ya kumpanda ndovu, lakini tusijisifu upesi. Katika Kongo ya Wabelgiji, huko Gangala-na-Bodio karibu na Garamba, ndovu wa Afrika walikamatwa wakiwa wadogo wakafunzwa kubeba na kuvuta, na karibu na Maporomoko ya Victoria watalii wamewahi kupandishwa kwa malipo. Ndovu wetu hana kinga ya kuzaliwa nayo. Kinachomlinda ni kile ambacho mgeni anakataa kukilipia.

Kuhifadhi, tulivyolipokea neno hili kutoka Kiarabu, ni kulinda kitu kisipotee. Aliyehifadhi Kurani ameitia moyoni, wala hakuitia kizimbani ili watu waje kuitazama. Neno lenyewe halina kosa. Kosa ni letu tunaoliona limepigwa msumari langoni tukaridhika, na mimi mwenye shahada ya tatu ya isimu nililisoma kibao lile neno likanilaghai kama mtoto mdogo.

Ndiyo maana nilimwambia mwalimu yule: usiulize mahali hapo panaitwaje, uliza ndovu anatokaje. Kituo chema cha ndovu ni kile kinachofanya kazi usiku na mchana ili siku moja ndovu wake wakiage.

Kile cha Nairobi nimekitembelea mara mbili. Dakt. Daphne Sheldrick alikianzishia shirika lake mwaka 1977 kwa kumbukumbu ya mumewe David, aliyekuwa mlinzi mkuu wa Tsavo Mashariki, naye aliliongoza kwa miongo mingi hadi alipolikabidhi kwa bintiye. Alifariki mwaka 2018. Kazi yake ya kwanza ilikuwa maziwa. Ndama wa ndovu hawezi maziwa ya ng'ombe, na kwa miaka mingi kila mchanga aliyeletwa alikufa, mpaka ikagundulika kwamba mafuta ya nazi ndiyo yanayokaribia mafuta ya maziwa ya mama yake. Watu wa pwani watatabasamu. Kwa njia hiyo, mwaka 1974, ndama mchanga aitwaye Aisha aliishi kwa miezi kadhaa. Kisha mlezi wake akasafiri kwa muda mfupi kwenda kwenye harusi ya bintiye, na Aisha, ambaye hakumjua mwingine duniani, akakataa kula akafa.

Kutokana na kifo hicho ulizaliwa utaratibu tunaouona hadi leo. Walezi ni wengi na hupokezana, ndama asimshikilie mmoja akadhani ndiye mama. Usiku mlezi hulala katika banda lile lile, na kila baada ya saa tatu humpa ndama chupa. Kesho yake hulala na ndama mwingine. Wakifikia umri wa miaka miwili au mitatu hivi, ndovu hao husafirishwa hadi Voi na Ithumba katika Tsavo, au msitu wa Kibwezi, wakafundishwa na ndovu wakubwa yale ambayo mwanadamu hawezi kuyafundisha. Huchukua miaka. Asubuhi hutoka na walezi, jioni hurudi. Baadaye hulala nje usiku mmoja, kisha wiki, kisha hawarudi. Zaidi ya 300 wamelelewa kwa njia hii. Mmoja wao, Mulika, alijifungulia porini mwaka 2011, naye akamleta mwanawe kwa walezi wake wa zamani, akawaonyesha, kisha akaenda zake. Ndama huyo aliitwa Mwende, ambalo kwa Kikamba ni mpendwa.

Kwa hiyo ile saa moja nyuma ya kamba, ambayo wanafunzi wa Chepilat waliiona kuwa ni uchoyo, ndiyo thamani yenyewe ya mahali hapo. Saa ishirini na tatu zilizosalia si za wageni. Nina lalamiko moja tu. Watu husimama pale wakiwa wamenyanyua simu zao, wakapiga picha za chupa na za tope, na mlezi anayesimulia ndama huyu alitoka wapi na mama yake alikufaje husimulia migongo ya simu. Mwalimu atakayewakusanyia wanafunzi wake simu hizo kwenye basi na kuwapa daftari na kalamu atakuwa amefanya la maana. Kisa cha kila ndama ni somo la jiografia na la historia kwa pamoja. Yupo ambaye mama yake aliuawa kwa ajili ya pembe, yupo aliyetumbukia kisimani, yupo aliyeachwa na ukame. Mwaka 2022, kati ya Februari na Oktoba, ndovu 205 walikufa kwa ukame nchini mwetu, na hakuna jangili aliyehusika.

Nilipofika hapo katika mazungumzo yangu, nikiwa nimejiridhia, msichana wa kidato cha pili aliinua mkono.

"Mwalimu, umesema ndovu yatima analala na mlezi, na akihisi baridi anafunikwa blanketi. Sisi tuna jirani ambaye ni yatima na hana blanketi. Ni nani aliyeamua hivyo?"

Wenzake walicheka, kisha wakanyamaza wakingoja. Nilianza kwa jibu ambalo watu wa mashirika hulitoa: kwamba fedha za ndovu hutolewa na wafadhili, wengi wao wa ng'ambo, wanaojichagulia wa kumsaidia, na kwamba ndovu akinyimwa blanketi halitamfikia yule mtoto wa Sotik. Ni jibu la kweli. Lakini nilimwona usoni kwamba hakuuliza fedha zinatoka wapi. Aliuliza juu ya haki, nami nikamwambia mbele ya wote kwamba ana haki ya kuuliza, na kwamba sina jibu la kumtosheleza. Bado sina. Nilichoweza kumpa ni swali la pili la kuongeza kwenye lile la kwanza: tukishauliza ndovu anatokaje, tuulize pia ni nani anayekula kwa ajili yake.

Kuna mahali ambapo swali hilo limejibiwa kwa vitendo. Huko Samburu, chini ya milima ya Mathews, kituo cha Reteti kilifunguliwa mwaka 2016, nacho ni mali ya jamii yenyewe inayomiliki hifadhi ya Namunyak. Walezi ni vijana Wasamburu, wanaume kwa wanawake, na wengi wa ndama waletwao hapo huwa wametumbukia katika visima vinavyochimbwa kwa mikono kwenye mchanga wa mito iliyokauka. Zamani mara nyingi ndama huyo aliachwa afe. Siku hizi mchungaji huenda kutoa habari. Tena kituo hicho kiliacha kutegemea maziwa ya unga ya kuagizwa kikaanza kununua maziwa ya mbuzi kutoka kwa akina mama wa huko huko. Chupa anayonyonya ndama imepitia mkononi mwa mama mwenye mbuzi, na fedha zake zimerudi katika boma lake. Huko blanketi la mtoto na maziwa ya ndovu vinaweza kutoka mfuko mmoja. Kule Kwale nako, Mwaluganje, wakulima Wadigo na Waduruma waliunganisha mashamba yao katika miaka ya 1990 wakaacha ndovu wapite, kwa makubaliano kwamba malipo ya langoni yawafikie. Haijawa rahisi, kwa kuwa ndovu hajui mkataba wala mwezi wa mavuno, lakini ni watu walioketi na kupatana.

Mwenzetu wa Transmara hakuketi na yeyote. Yeye hulala akiwa na ekari mbili za mahindi, akaamka akakuta mabua. Wapo waliouawa njiani usiku wakirudi nyumbani kwao. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inatamka fidia ya shilingi milioni tano kwa familia ya aliyeuawa, na wengi wameingojea kwa miaka. Mwanafunzi anayekwenda Nairobi kumhurumia ndama, asiambiwe lolote kuhusu mkulima huyu, amepewa nusu ya somo, na nusu hiyo ndiyo iliyo tamu. Naomba nisieleweke vibaya: simtetei mrusha mikuki. Nasema kwamba sisi wa nchi ya chai, ambao tulishamwondoa ndovu katika mashamba yetu kabisa hata tukasahau, tuna urahisi mkubwa wa kumpenda. Hatujui gharama yake. Anayeijua ni yule anayekaa naye.

Wala hatuhitaji kwenda mbali sana kuiona gharama hiyo. Msitu wa Mau Kusini Magharibi, unaopakana na mashamba ya Kericho na Bomet, ungali na ndovu. Tangu 1986 serikali ilipanda mikanda ya chai kuzunguka misitu, ikaiita maeneo ya chai ya Nyayo, ili mtu asizidi kuingia msituni. Mchumaji wa huko anaweza kukuonyesha nyayo nyingine, pana kama sinia, zilizopita asubuhi kati ya mistari ya chai zikielekea kwenye mahindi ya mtu. Wanafunzi wakifika ukingoni mwa msitu huo kwa ruhusa na pamoja na askari wa misitu, pengine hawatamwona ndovu hata mmoja. Wataona mavi yake, matawi aliyoyavunja, na mkulima wa kuwasimulia. Nauli yake ni ndogo kuliko ya Nairobi, na hakuna wakala atakayeitangaza kwa rangi za kung'aa.

Wiki iliyopita mwalimu alinipigia simu. Kura imepigwa upya baada ya mjadala mrefu, na ile karatasi ya rangi imeshindwa, ingawa si kwa kura nyingi. Nafasi zimeombwa Nairobi mapema, maana pale hawapokei mtu asiyejiandikisha. Basi litaondoka Chepilat saa nane usiku ili lipite Bomet na Narok na kuwahi saa tano. Ziara ya Mau itafuata muhula ujao iwapo mvua haitaharibu barabara. Yule msichana wa kidato cha pili amechaguliwa kuwa mwandishi wa safari, naye ametuma salamu kwamba swali lake amelinakili ukurasa wa kwanza wa daftari, atamwuliza mlezi wa ndovu mwenyewe.

Mwalimu alitaka nimpe ile picha yangu ya Chiang Mai aibandike ubaoni kabla hawajaondoka. Nimeitia kwenye bahasha.